Harufu ya Kwa Chambuso

Jina la nchi yetu hutajwa kwa kibali, na kibali changu kimekwisha muda wake, kwa hiyo mtanisamehe. Inatosha kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na viongozi wake hawajawahi kukosea. Mimi ni raia wake mtiifu. Naitwa Kondo Mlawa, nakaa Mtaa wa Kheri, kule bondeni, na ukuta wa bafu langu ndio huohuo ukuta wa bafu la Rajabu Chambuso.

Nianze na huyo Chambuso. Waswahili husema hasidi hana sababu. Mimi ninazo. Tulijenga mwaka mmoja, kwa fundi mmoja, kwa matofali ya tanuri moja, lakini nyumba yake ikasimama wima na yangu ikainama kama inasikiliza umbea. Tulipanda michungwa siku moja. Wake ukazaa, wangu ukawa kuni. Akiingia msibani, watu wanasogea wampishe pa kukaa. Nikiingia mimi, mtu ananiuliza kama nimeona viatu vyake. Tena hajawahi kunikosea hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu akikukosea, angalau unapata pa kumshikia.

Sasa mtu kama huyo, asubuhi moja, akaamka nyumba yake inanuka petroli.

Walikuwa wametoka msibani kwa wakwe zake, walikokaa mpaka arobaini ikasomwa. Nyumba ilikuwa imefungwa muda wote huo, na bafu limekauka kau. Harufu ilikuwa inapanda kutoka kwenye tundu la kutolea maji, inatambaa ukumbini, inaingia hadi kwenye mito ya kulalia. Mkewe, Bi Zuhura, alishikwa na kichwa. Mtoto wao wa mwisho akatapika uji. Juu ya kilima, pale bomba kubwa la maji machafu la mtaa linapoanzia, kuna kituo cha mafuta cha mama mkwe wa Mkuu wa Jimbo. Kituo hicho hakihusiani na habari hii; nimekitaja kwa sababu kinaonekana.

Chambuso akaenda kulalamika kwa Bwana Kitwana, mtendaji wa mtaa. Hapa mgeni anahitaji kuelezwa kidogo. Kwetu malalamiko yalifutwa kwa sheria, baada ya kugundulika kwamba yanawakatisha wananchi tamaa. Mtu akipeleka shida ofisini, mtendaji ana wajibu wa kuipandisha juu kama habari njema. Ukisema daraja limebomoka, habari inayopanda ni kwamba mto umepata nafasi. Ukisema shule haina madawati, juu wanasikia kwamba wanafunzi wetu wana miguu imara. Kitwana anaijua kazi yake. Alimsikiliza Chambuso mpaka mwisho, akampa pole, akapandisha juu kwamba Mtaa wa Kheri umegundua mafuta.

Mkuu wa Jimbo alifika kabla ya adhuhuri na magari mpaka mtaa ukakosa pa kugeuzia. Walitandika zulia jekundu kuanzia barazani kwa Chambuso hadi bafuni. Mheshimiwa akapiga magoti mbele ya tundu, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akakohoa. Wasaidizi wake wote wakakohoa, kwa itifaki.

Kisha akatoka nje kuhutubia.

"Ndugu wananchi!" alisema, macho yakimtoka machozi. "Wapo watakaosema hapa pananuka. Nawauliza hao, kwao pananuka nini? Vitunguu! Petroli hainuki, ndugu zangu. Petroli inajitambulisha! Wenzetu wa nje wamechimba chini maili nzima kuyatafuta mafuta. Sisi yametufuata wenyewe bafuni. Hii ndiyo tofauti ya uongozi. Kuanzia leo, bafu hili si bafu. Ni rasilimali!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilikuwa mbele, na machozi yalinitoka pia. Watu walidhani ni uzalendo. Ulikuwa wivu mtupu.

Hebu fikirini. Ukuta mmoja! Tundu lake na tundu langu yako karibu kiasi kwamba akipiga chafya kule, mimi huku nasema uwe na afya. Petroli inateremka kilima kizima, inapita nyumba za watu wote, inafika kwenye ukuta wetu, halafu inageukia kwake. Hata petroli inamjua.

*

Neema zikaanza kumiminika. Chambuso akapewa cheo: Mheshimiwa Mwenyeji wa Harufu. Akawekewa bendera juu ya bati na askari mlangoni mwa bafu, koplo mmoja mpole aitwaye Mbega, ambaye alikaa hapo kwenye kiti akiwa amejifunga leso puani. Kwenye sherehe, Chambuso alitolewa kwenye viti vya plastiki akahamishiwa kwenye sofa, lile lililofunikwa vitambaa.

Ikatoka pia amri kwamba ndani ya nyumba yenye rasilimali hakuna kuwasha moto, hata kiberiti. Amri ilisema wazi kwamba katazo linaishia kwenye mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo mke wangu, Mwajabu, aliendelea kukaanga vitumbua uani kwetu kila alfajiri, makaa yakirusha cheche chini ya ukuta uleule, kwa sababu petroli ya nchi yetu inaheshimu mipaka. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyokuwa vinatulisha. Mimi kwa wakati huo nilikuwa napumzika kutafuta kazi.

Na kwa kuwa nyumba ya Chambuso haikuweza kupika, serikali ikaipikia. Asubuhi, mchana na jioni, gari lilileta hotpoti za pilau, mchuzi wa nazi na kachumbari. Mimi nilikaa barazani kwangu na kitumbua cha juzi mkononi, nikisikiliza vifuniko vya hotpoti vikifunguliwa upande wa pili.

"Mtoto wao bado anatapika," Mwajabu aliniambia. "Bi Zuhura usiku halali kwa kichwa. Roho inaniuma."

"Nami inaniuma," nikasema. "Mtoto wao anatapika pilau. Wa kwetu angetapika nini?"

"Baba Siwema," akasema, "muombe Mungu akutoe hicho kitu moyoni kabla hakijakutoa wewe nyumbani."

Lakini la kuchekesha ni hili. Watu wale waliokuwa na bendera na pilau na koplo hawakuwa na pa kuoga. Bafu lao lilikuwa limefungwa utepe. Wakaja kwetu. Mila ya mtaa wetu inajulikana: jirani akibisha hodi na ndoo, hafukuzwi, hata kama mmegombana mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Kila jioni walijipanga uani kwangu, taulo begani, Bi Zuhura, watoto, mwisho mheshimiwa mwenyewe. Chambuso aliimba akiwa anaoga, na sauti anayo, si haba. Akitoka ananiambia, "Ahsante sana jirani yangu, Mungu akuzidishie." Nami moyoni nasema, angeanza basi.

*

Serikali ikaona isiishie kwenye nyumba moja. Ikamtuma Mtaalamu wa Harufu wa Taifa, mwanamama mwenye koti jeupe na pua iliyokatiwa bima, apite kila bafu la Mtaa wa Kheri. Siku hiyo nilivaa kanzu ya Idi. Nilifungua mlango wa bafu mwenyewe, nikainama kidogo, nikamkaribisha.

Akanusa. Akanusa tena. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa sakafu.

"Hapa pananuka sabuni ya kipande," akasema.

"Nusa vizuri, mama," nikamwambia. "Labda imejificha. Ni harufu yenye aibu."

"Mzee, mimi pua hii nimeisomea."

Akatoka nje, akachukua chaki, akaandika kwenye ukuta wangu wa mbele kwa herufi kubwa: HAMNA KITU. Chaki yenyewe ilikuwa ya serikali, haifutiki. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unaniita Mzee Hamna Kitu, na muuza maji alipoulizwa njia alisema, "Nyumba ya mheshimiwa ni ile inayofuata baada ya Hamna Kitu."

Usiku ule sikugusa chakula. Hata pilau, Chambuso alipoleta bakuli, sikuigusa, ingawa baadaye niliamka nikaimaliza. Ilikuwa tamu, na hilo nalo likanikasirisha.

Siri nilikuja kuipata kwa koplo Mbega. Ijumaa moja, muda wa sala ulimkuta zamuni, mtungi wa maji ukiwa karibu. Akatia udhu palepale, mlemle bafuni, maji yakashuka tunduni. Ile anamaliza kuosha miguu, ujumbe wa wageni kutoka makao makuu ukaingia kunusa rasilimali. Hawakunusa kitu. Ilikuwa fedheha. Kitwana alizimia kidogo. Chambuso, kwa ule ujinga wake wa kusema kweli, akawaambia wakubwa, "Waheshimiwa, ni maji tu. Fundi alitueleza tulipojenga: bomba la bafuni chini limejikunja kama goti, na maji yakikaa pale gotini hewa ya mtaroni haipandi. Ndiyo maana tuliporudi msibani tukakuta harufu. Nipeni ruhusa nimwage ndoo moja, mwanangu apone."

Wakamwambia ashukuru alichopewa. Koplo akakatwa likizo, goti likakaushwa kwa matambara, na ikatoka amri kwamba mtu atakayemwaga maji kwenye rasilimali atahesabiwa kuwa amemwaga uchumi.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nikayasikia yote. Nikakumbuka kweli fundi alisema. Kisha nikageuka nikalitazama bafu langu. Lilikuwa limelowa. Tangu siku ya kwanza halijakauka, maana kila jioni ukoo mzima wa Chambuso ulikuwa unamwaga maji humo, ndoo kwa ndoo, huku mheshimiwa akiimba. Kumbe watu hawa walikuwa na bahati yao kule, halafu wanakuja kuizimisha ya kwangu huku!

*

Jioni ile Bi Zuhura alipokuja na ndoo yake nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Hodi jirani."

"Leo hakuna hodi, Bi Zuhura. Bafu linapumzika."

Alicheka, akidhani ni utani. Aliponiona sicheki, ile kanga aliyojitanda akaivuta mpaka usoni. "Haya shemeji," akasema taratibu, akageuka na ndoo yake. Watoto wakamfuata, taulo begani.

Mwajabu aliyaona akiwa jikoni. Akaja, mikono imejaa unga wa mchele.

"Umemrudisha jirani na ndoo? Wewe? Mtu aliyekesha na mimi siku namzaa Siwema?"

"Nyamaza, Mama Siwema. Natengeneza maisha yetu. Tukipata harufu, tumepata bendera. Pilau mara tatu kwa siku, nawe upumzike na moshi."

"Harufu ya petroli? Na mimi nawasha makaa hapa kila alfajiri?"

"Hutawasha tena. Serikali itatulisha."

"Itatulisha mpaka lini?"

Swali hilo halikuwa na uzalendo, sikulijibu. Nilifunga kitambaa kwenye fimbo, nikakaa bafuni nikinyonya maji ya gotini tone kwa tone, mpaka kitambaa kikawa kinatoka kikavu. Nikapiga marufuku kuoga. Mwajabu na Siwema wakawa wanaoga kwa mjomba wao, mtaa wa pili. Mimi nikajifuta kwa mchanga, kama niko safarini. Waswahili wanasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Mimi mlango niliufunga. Nililalia tundu la bafuni wazi.

Upande wa pili sikujua kilichokuwa kinaendelea, wala sikuuliza. Baadaye ndipo nilipoambiwa. Bi Zuhura alirudi na ndoo yake, akamkuta koplo Mbega kiti chake kimeelekea ukutani. "Mama," koplo alimwambia bila kugeuka, "mimi nimeamriwa kulinda mlango. Dirisha hawakulitaja." Kuanzia jioni hiyo waliingia kwa dirisha, mmoja mmoja, wakaoga kwao. Mtoto akaacha kutapika. Na wakubwa hawakujua, kwa sababu wageni walikuwa wamechoka kuumwa vichwa na siku hizi waliinusa rasilimali kwa kuangalia picha yake.

Yangu ilikuja alfajiri. Nilikuwa nimelala chini mlangoni mwa bafu, nikaihisi puani, nyembamba kwanza, halafu nzito, kali, inachoma koo. Nikapiga magoti. Nilikohoa kwa itifaki. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile. Hata siku ya harusi yangu nilikuwa na wasiwasi kwamba Chambuso, msimamizi wangu, amependeza kunishinda.

Uani, Mwajabu alikuwa amekwisha koleza makaa. Ile harufu ikamfikia. Alilinyanyua jiko lote kwa mikono, likiwa linawaka, akakimbia nalo hadi barabarani. Viganja vyake viliungua, nilikuja kujua baadaye. Akarudi, akamshika Siwema mkono, akachukua bakuli la unga.

"Unakwenda wapi? Subiri wakubwa wanakuja!"

"Naenda kwa Chambuso," akasema. "Kule hakunuki."

Sikumwelewa. Nilidhani ni hasira. Nikavaa kanzu ya Idi, nikakimbilia ofisini kwa Kitwana.

*

Nilikuta ofisi imejaa hadi nje. Mkuu wa Jimbo mwenyewe alikuwa kwenye kipaza sauti, uso umekunjamana, na pembeni yake amekaa mama mkwe, analia ndani ya mtandio. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuyasikia vizuri maneno ya mwanzo. Baadaye nilielezwa. Mafuta ya kituo cha mama yalikuwa yanapungua bila kuuzwa. Mtu yeyote mwenye akili finyu angesema tangi linavuja. Lakini tangi la mama mkwe wa kiongozi halivuji, ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo yalikuwa yanaibwa.

"Wamo miongoni mwetu," Mheshimiwa alikuwa ananguruma, "watu wanaofyonza petroli ya mama huyu kwa mabomba ya bafuni! Wanafyonza wakiwa wamelala! Ndugu wananchi, tuliambiwa harufu ni neema. Nani alisema? Si mimi! Harufu ni ushahidi! Popote penye harufu, pana mwizi!"

Nami nilikuwa nimeshapenya hadi mbele.

"Mheshimiwa!" nikapaza sauti, mkono juu. "Mheshimiwa, nami ninayo! Kwangu Kondo Mlawa! Tena kali kuliko ya Chambuso!"

Mama mkwe akaacha kulia, akanitazama.

"Rudia," Mkuu wa Jimbo akasema, kwa upole sana.

Nikarudia. Niliongeza kwamba nimeitafuta kwa bidii yangu mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Tukaenda wote, umati mzima, mimi nikiwa katikati ya askari wawili. Njiani nilijiona kama napelekwa kuapishwa. Mtaalamu wa Harufu akaanza kwa Chambuso. Akainama, akanusa, akanusa tena.

"Sabuni ya kipande," akasema. "Hamna kitu."

Akaingia kwangu. Alitoka mbio, pua ameishika kwa mikono miwili.

"Petroli," akasema. "Safi kabisa."

Walipanda wakaiteremsha bendera ya Chambuso, wakachukua na sofa. Yeye alikuwa amesimama uani kwake na mkewe, amevaa singlendi, ananukia sabuni, na pembeni yao Mwajabu alikuwa amejiinamia kwenye jiko lao, anageuza vitumbua kwa mkono uliofungwa kitambaa. Moto ulikuwa unawaka pale bila hofu. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na kitumbua kila mkono. Nilipandishwa kwenye gari la polisi nikiwa nawatazama, na nawaapia, hata pale, na pingu mkononi, kitu kilichonichoma si pingu.

*

Kesi yangu inaendelea vizuri. Hakimu amesema ushahidi umejitosheleza kwa kuwa niliutoa mwenyewe. Tangi la mama limepakwa rangi mpya kwa nje. Nyumba yangu imefungwa utepe, na ule mwandiko wa chaki wameupiga mstari, wakaandika juu yake MHUSIKA.

Tuko wengi humu mahabusu, chumba kimoja, na pembeni kuna tundu la kutolea maji ambalo halijaona maji tangu lijengwe. Kituo cha polisi kiko bondeni kuliko hata kwetu. Juzi harufu ilianza kupanda. Wenzangu wanashika vichwa, mzee mmoja anatapika, na yuko mtu mwenye sigara moja aliyokuwa anaitunza. Tumemwomba asiiwashe. Anasema atafikiria.

Jana Chambuso alikuja kuniona. Ni yeye wa kwanza kuja. Alileta vitumbua vya Mwajabu, bado vya moto, na chupa kubwa ya maji. Alisema Mama Siwema na mtoto wanalala chumba cha wageni, viganja vinapona, nisiwe na wasiwasi. Alisema anatafuta wakili. Hakuitaja ndoo ya mkewe, hata kwa mbali. Nilimngojea aitaje.

"Jirani," akaninong'oneza wakati askari anamwita atoke, "ukimaliza kula, maji usiyanywe."

Vitumbua niligawa. Kisha nikakaa na ile chupa mapajani, kiu imenikaba koo, nikiangalia tundu. Nilitamani isiwe kweli. Nilitamani, mara moja tu katika maisha yangu, Chambuso awe amekosea. Nikamimina chupa nzima.

Kabla ya jioni chumba kilikuwa kinanuka watu tu. Yule mzee aliacha kutapika, akalala. Mwenye sigara akaikata vipande, akawagawia wenzake. Wakanijia mmoja mmoja, wananishika mkono, wananiita mheshimiwa, wananiuliza akili ile nimeitoa wapi. Nilikuwa nimelingojea swali kama hilo miaka yote, na wa kunisuta hakuwemo.

"Ni ya jirani yangu," nikasema. "Anaitwa Chambuso."

Wakasema, mtu mwema huyo. Nikasema, ndiyo, ni mwema, nikageukia ukutani.